Maharagwe Meupe na Kichupa cha Mama

Kama umewahi kufungua kabati la jikoni ukakuta maharagwe yamebaki peke yake, na watoto wako nyuma wanakutazama, vuta kiti usogee. Nina habari ya maharagwe ya kukusimulia. Nitakwenda polepole ili tufike pamoja, na ukiondoka hapa utakuwa na kitu cha kupika.

Wiki iliyopita Mama alihamia kwetu, mjini Blaine. Nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani kwake nikifungua maboksi, na ndani ya soksi nene ya sufu nikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kichupa cha kioo, urefu wake kama kidole changu cha kati, kizibo chake kimegeuka njano kwa uzee. Hakikuwa na kitu ndani. Nilipokifungua kilitoa harufu kidogo sana, kama ya majani mabichi yaliyopondwa, na papo hapo nikahisi mvuke wa jiko letu la utotoni, mtaa wa Frogtown, ukinipanda usoni. Mama alikuwa akitundika nguo zake kabatini. Alinitazama, akakitazama kichupa, akasema, "Hicho usitupe," kisha akaendelea na hanga zake.

Wacha nikueleze kwanza nyumba ile ya Frogtown. Ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, si mbali na University Avenue, ngazi zake zikilia kila unapokanyaga. Sisi tulikaa juu. Chini alikaa mama mmoja mjane, Mgiriki, mfupi, mwenye sweta nyeusi na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliitwa Eleni. Mama alitukataza kabisa kumwita mtu mwenye mvi kwa jina tupu, hata kama watoto wote wa mtaa walifanya hivyo, kwa hiyo tukamwita Koko Eleni, kama kwetu Uvira, tulikotoka, tunavyowaita bibi zetu. Alipoelewa maana yake alifurahi, naye akaanza kuniita kwa neno la kwao ambalo miaka mingi baadaye nilijua kuwa maana yake ni mwanasesere.

Mama alifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wagonjwa. Majira ya baridi ninayoyasema, alimdaka mzee mmoja aliyekuwa akianguka kutoka kitandani, mzee akapona, mgongo wa Mama ukagoma. Aliletwa nyumbani na vidonge na amri ya kulala. Tukamtandikia godoro sebuleni, karibu na dirisha, mahali ambapo joto la bomba la kupashia nyumba lilimfikia. Papa, baba yetu, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa njiani, majimbo mengi mbali, akipiga simu kila jioni. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa, na mdogo wangu Baraka, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Asubuhi Koko Eleni alimchukua Baraka chini kwake, akakaa naye mpaka basi la shule linirudishe.

Mgongo wenyewe haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba Mama aliacha kula. Akina mama wa kanisani walikuja na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, wakamwimbia, wakamwombea, naye akala vijiko vya kuwaridhisha wageni. Theluji ilipozidi na barabara zikawa mbaya, wageni wakapungua, na vijiko navyo vikapungua. Vidonge vilimkausha mdomo, alisema. Nadhani kulikuwa na kitu kingine pia. Alizoea kuwainua watu, na sasa alihitaji kuinuliwa ili aende chooni.

Jioni moja Papa alipiga simu, na kwa kuwa Mama hakuweza kuishika kwa muda mrefu, aliiweka kwenye spika. Kwa hiyo nilisikia. Papa alisema atafika Jumamosi. Akimkuta Mama bado hali chakula, bado hawezi kuketi hata mezani, atatuchukua mimi na Baraka atupeleke kwa dada yake, Tantine Furaha, kule Inver Grove Heights, tukae huko mpaka apone.

Tantine Furaha alikuwa mtu mwema, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vya kutosha. Lakini familia yetu ilikuwa imeshatenganishwa mara moja, Papa katika kambi moja ya wakimbizi na sisi katika nyingine, na nilikuwa nimeishi na habari hiyo tangu nipate akili: jinsi watu walivyoambiana ni kwa siku chache tu. Nilimgeukia Mama nikisubiri abishe. Mama huyu alibishana hata na mtu wa hali ya hewa kwenye televisheni. Alisema, "Sawa, Baba Baraka," akafumba macho.

Sasa turudi kabatini. Lilikuwa na unga wa ugali, chumvi, nyanya za kopo, na mifuko ya maharagwe meupe iliyorundikana kama matofali. Tuliyapata kwenye ghorofa ya chini ya kanisa moja la jirani, ambako mtu yeyote aliruhusiwa kuchukua chakula, na maharagwe meupe ndiyo yaliyobaki siku zote kwa sababu watu wa aina yetu hatukuyataka. Sisi tulijua maharagwe mekundu, yaliyopikwa kwa mawese mpaka mchuzi uwe rangi ya machweo. Haya meupe Mama aliyapokea kwa adabu, akayapanga, na hakuyapika. "Hayana damu," alisema.

Siku moja nilipotoka shule nikamkuta Koko Eleni jikoni kwake na sufuria ya bluu. Ndani yake kulikuwa na yale yale maharagwe yasiyo na damu, yakichemka na karoti, kitunguu, nyanya na yale mabua marefu ya kijani yaitwayo seleri, ambayo yalinukia kama nyasi zilizokatwa baada ya mvua. Alijipakulia bakuli limejaa, akakata mkate, akanieleza kwa Kiingereza chake cha kukwaruza kwamba yuko kwenye mfungo.

Nilimtazama kwa mshangao. Kwetu kufunga ni kufunga. Huli mpaka jioni, na ukipita karibu na jiko unageuza uso. Nilipanda ngazi mbio kumwambia Mama kwamba Koko Eleni anafunga huku bakuli liko mkononi.

"Anafunga nini," Mama akauliza bila kufungua macho, "mkanda?"

Nilirudi chini kuuliza. Koko Eleni hakukasirika. Alinieleza kwamba kwao, kabla ya Pasaka, watu huacha nyama, samaki, maziwa na mayai. Mfungo wao ni huo. Na chakula cha mfungo ni hiki, alichokula mama yake, na bibi yake, hata miaka ambayo hapakuwa na kitu kingine ndani ya nyumba.

Kisha akafanya jambo lililonisimamisha nywele. Alizima moto, akafanya ishara ya msalaba, akachukua chupa ya mafuta akayamimina juu ya sufuria kwa mzunguko, polepole, mstari mrefu wa dhahabu. Harufu ilipopanda, niliijua. Niliijua vizuri sana. Nyumbani kwetu harufu hiyo ilikaa mahali pamoja tu, juu ya kabati la nguo, ndani ya kichupa cha kioo ambacho mchungaji wetu alikiombea. Tone moja kwenye paji la uso mtu akipata homa. Tone moja kwenye fremu ya mlango siku tulipohamia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mafuta ya mzeituni huliwa.

Fikiria basi nilichokielewa. Mwanamke yuko kwenye mfungo, anafanya ishara ya msalaba, anapaka chakula mafuta ya wagonjwa, tena kwa wingi ambao hata mchungaji hakuthubutu. Na kwa umri ule wote bado anazoa theluji kwa koleo. Kwa akili yangu hapakuwa na la kuuliza. Ile haikuwa supu ya kawaida. Ilikuwa supu ya kuponya.

Koko Eleni alijaza bakuli akanipa nimpelekee Mama. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanirudishia lilivyo. Ilibidi anieleze. Kwetu bakuli la jirani unalirudisha na kitu ndani yake, hata kama ni ndizi mbili. Yeye amelala hapa, hapiki, hawezi kurudisha kitu. "Nikianza kupokea tu," alisema, "nimekuwa mgonjwa kweli."

Nilishuka na lile bakuli nikitazama vidole vyangu. Nilidhani Koko Eleni ataudhika. Aliuliza sababu, nikamweleza desturi yetu kadiri nilivyoweza. Akasema kijijini kwao pia ilikuwa hivyo, na kama nyumba haikuwa na kitu, bakuli lilirudi na limau. Akafuta mikono kwenye aproni. Akauliza kabatini kwetu kuna nini. Nilipomtajia, alicheka kupitia puani.

"Basi utapika mwenyewe," alisema. "Kwenu, kwa maharagwe yenu."

Alinifundisha kama ninavyokufundisha wewe sasa. Maharagwe yalale majini usiku mzima. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, yachemke kidogo, umwage tena. Maji hayo ya kwanza ndiyo yanayosumbua tumbo. Ndipo uanze upya na maji safi, kitunguu, karoti na seleri, na majani yake usiyatupe, maana harufu iko huko. Nyanya baadaye. Chumvi baadaye zaidi, ngozi isije ikakaza. Moto mdogo. "Usiyakimbize," alisema. Na ili kujua kama yameiva, chota machache kwenye kijiko uyapulize: ngozi ikijikunja kwa pumzi yako, yameiva. Hilo la kupuliza nililipenda kuliko yote. Baraka naye alilipenda, akapuliza mpaka maharagwe yakaruka mezani.

"Na mafuta?" nikauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia siri.

"Mwishoni," akasema. "Moto ukishazimwa. Na usiyabanie."

Alinipa kitunguu, karoti na bua la seleri kutoka kwenye friji yake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa binti wa Mama, nikamsafishia ngazi theluji kwanza ndipo nikavipokea.

Jumamosi asubuhi mtoto wa kiume wa Koko Eleni alikuja kumchukua. Mlango wa chini ukafungwa. Nilikuwa peke yangu na sufuria. Kutoka kwenye godoro Mama aliliona jiko kupitia mlangoni, na aliniruhusu kwa sharti la kwamba mshikio wa sufuria uelekee ukutani na Baraka akae chini ya meza. Baraka alikubali, kisha kila baada ya muda akauliza kwa Kiingereza kama ni tayari.

Madirisha yakajaa mvuke. Harufu ya seleri ikaenda mpaka sebuleni.

"Unapika nini?" Mama akauliza.

"Maharagwe."

"Yapi?"

"Yale yasiyo na damu."

Nikapuliza kijiko, ngozi zikajikunja, nikazima moto. Nikapakua bakuli moja, jekundu kidogo kwa nyanya, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mlango wa Koko Eleni umefungwa, na chupa yake iko ndani. Nyumbani kwetu kulikuwa na mafuta ya aina hiyo mahali pamoja tu.

Nikaenda nikasimama miguuni pa godoro. "Mama, naomba kichupa."

Alinitazama. "Cha mchungaji?"

"Ndiyo."

"Unataka kuniombea?"

Kichwani mwangu lilikuwa jambo lile lile, kwa hiyo nikasema ndiyo, na niliamini ninasema kweli. Macho yake yakalainika. Akaniambia nipande kiti, niangalie nisianguke. Niliporudi nikamkuta amejikokota, ameegemea ukuta, amefungua kitambaa kichwani, na amefumba macho. Uso wake aliuinua kidogo, tayari kupokea kidole changu.

Nikaleta bakuli nikaliweka kwenye stuli mbele yake. Nikafungua kichupa. Nikamimina kwa mzunguko, polepole, kama nilivyoona, nikisema maombi yangu, ambayo yalikuwa mafupi: "Bwana, Mama ale, tusiende kwa Tantine." Nikamimina mpaka tone la mwisho, maana niliambiwa nisiyabanie.

Mama aliendelea kungoja. Kidole hakikuja. Akafungua jicho moja, kisha la pili. Akaona bakuli linang'aa kama limepigwa rangi. Akaona kichupa kitupu mkononi mwangu.

"Tayari," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Lilianzia tumboni, cheko lile. Alijizuia kwa sababu ya mgongo, likamshinda, akashika ukuta akicheka na kulia, akisema, "Mtoto huyu ataniua," na Baraka akatoka chini ya meza akaanza kucheka bila kujua kwa nini. Nilisimama pale na kichupa, nikiwa na uzito wa mchungaji mzima, nikisubiri wamalize.

Akafuta macho. Akalitazama bakuli. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu moja ambayo ni mtu wa nyumba kama yetu tu anaweza kuielewa: mafuta yaliyoombewa huwezi kuyamwaga kwenye sinki. Huwezi kuyafunika kwenye friji ukayasahau. Yalikuwa ndani ya lile bakuli, yote, na njia ya kuyaheshimu ilikuwa moja.

"Lete kijiko," Mama akasema.

Cha kwanza alikila kwa wajibu, nilimwona. Cha pili alikila kwa kufikiri. Baada ya hapo akauliza kama pilipili ipo. Nikaleta pilipili. Akala, akakwangua pembeni, akasema chumvi imepungua lakini mkono upo. Halafu akasema chakula cha namna hii kinataka ugali, na ugali hauliwi godoroni. Akaniwekea mkono begani, Baraka akasukuma kiti, na hatua kwa hatua, akitukana mgongo wake kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, akafika mezani. Mimi nilisonga, yeye akinielekeza kwa kidole.

Papa alipofungua mlango, theluji ikiwa bado kwenye kofia yake, alimkuta ameketi anakula. Alibaki pale kizingitini na begi lake. Aliuliza, kwa sauti ya mtu asiye na hakika ameingia nyumba gani, kama nguo za watoto ziko tayari, maana Tantine anawasubiri.

Mama alimega tonge, akalichovya. "Mpishi wangu unampeleka wapi?"

Papa alinitazama. Aliitazama sufuria, mvuke madirishani, unga kwenye nywele zangu. Sijui nikueleze vipi nilivyojiona wakati ule. Kama kwamba dari imepanda juu kidogo ili nipate nafasi. Akavua viatu, akavuta kiti. Alikula mabakuli mawili bila neno, kisha akapiga simu Inver Grove Heights. "Dada, hawaji," alisema. "Wana kazi hapa."

Koko Eleni aliporudi, Mama alinituma chini na bakuli lililojaa, na limau juu ya kifuniko. Alionja, akafikiri, akaniuliza nilipata wapi mafuta. Nilimweleza. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, kisha akafungua kabati lake la chini akanionyesha debe zima, kubwa kama kichwa cha Baraka, limejaa. Nilidhani nimeona hazina ya kanisa zima. Akanionjesha kijiko. Ya kula, akasema, na ya kuombea pia, kanisani kwao nao hupaka wagonjwa. Mafuta ni yale yale.

Nilipanda ngazi nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikamuuliza Mama kama alijua kwamba yanauzwa dukani, ya kupikia. Alijua. Mchungaji aliyanunua hapo hapo University Avenue.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema, "ungenipikia?"

Sitakudanganya kwamba supu iliponya mgongo. Ulinyooka polepole, theluji ikiwa imeshayeyuka, kwa mazoezi na kwa daktari. Supu ilimketisha mezani, na akishaketi mezani Mama haondoki. Mwaka huo alipeleka sufuria kubwa ya maharagwe meupe kanisani, siku ya kufungua mfungo. Akina mama waliyatazama kama tulivyoyatazama sisi, wakauliza nyama iko wapi, wakaonja kwa adabu, wakarudi kwa hamu. Tangu hapo ile mifuko haikubaki tena kwenye ghorofa ya chini ya lile kanisa la jirani. Na mtu alipomuuliza nani alimfundisha, Mama alinisukuma mbele kwa kiganja mgongoni.

Koko Eleni hayupo tena. Sufuria yake ya bluu iko jikoni kwangu, na kile kichupa nimekiweka dirishani juu ya sinki, kitupu vile vile. Binti yangu hujibu kwa Kiingereza ninapomwita, lakini ukimpa kijiko cha maharagwe anajua cha kufanya: anapuliza, anatazama ngozi. Jana Mama alionja aliyoyapika. Akasema chumvi imepungua, lakini mkono upo.

Basi leo, kabla hujalala, chukua maharagwe meupe, vikombe viwili kwa watu wanne, na konzi moja zaidi kwa ajili ya bakuli la jirani. Yaoshe, yafunike kwa maji baridi mengi, uyaache mezani mpaka asubuhi.